Kitufe cha Kijani

Siku ile, kwenye kibanda cha fundi simu pale Bugarama, walikuwepo Nkwabi, ambaye ndiye fundi mwenyewe. Mkewe Scolastika, aliyemletea chakula cha mchana. Binti yao Loveness, amelala mgongoni kwa mama yake. Abdu muuza kahawa, ambaye jua likikaza huhamishia birika lake kwenye kivuli cha kibanda. Na mzee Bujiku, mchimbaji wa zamani, aliyeleta redio yake inayokwaruza. Baadaye kidogo akaja Apolonia. Mtu mwingine hakuwepo. Baadaye watu walikuja kumuuliza Scolastika mara nyingi ni nani waliokuwepo, na kila mara aliwataja hao hao.

Ilikuwa siku ya kiangazi kama nyingine. Karasha za kusagia mawe zilinguruma kwa mbali, vumbi limetanda, na Abdu alikuwa anachokoza watu kama kawaida yake.

"Fundi, ukimaliza redio ya mzee nikuletee na Zuhura wangu. Kitufe chake cha kuzima hakifanyi kazi."

"Huyo mrudishe kwao walikomtengeneza," Nkwabi akajibu bila kuinua macho. "Mimi sina spea zake."

Mzee Bujiku alicheka mpaka akakohoa. Ndipo Apolonia akatokea, na kicheko kikakatika.

Wote walimjua. Mumewe, Jilala, alifukiwa na kifusi kwenye duara, yaani yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, nje kidogo ya mji. Mwili haukupatikana. Duara likafungwa kwa mawe, na ukoo ukazika mgomba uliovikwa shati lake. Tangu hapo Apolonia alitembea kama mtu anayesikiliza kitu.

Abdu alimmiminia kahawa kabla hajaomba. Nkwabi akafuta kigoda kwa kiganja, akamsogezea. Scolastika aliyaona hayo yote mawili, akampenda mumewe upya.

"Mwadila, mayu," mzee Bujiku alimsalimia kwa Kisukuma, kwa upole.

Apolonia aliitikia kwa kichwa tu. Akafungua pindo la kanga, akatoa simu ndogo ya vitufe, kuukuu, iliyofungwa kwa mpira.

"Kitufe cha kupokelea, fundi. Hiki cha kijani. Hakishiki."

"Hicho ni kitu kidogo. Kaa unywe kahawa."

"Inaita kila mchana," alisema Apolonia, sauti ikishuka. "Inaandika Baba Blessing. Nabonyeza, nabonyeza, haipokei. Nikimpigia mimi, naambiwa hapatikani. Nilihamishia laini kwenye simu ya dada, haikuita. Inaita kwenye hii tu."

Baba Blessing ni Jilala. Simu yake alikuwa nayo mfukoni siku ile duara lilipoporomoka.

Scolastika alimtazama mumewe akitamani akatae. Lakini Nkwabi hakuwa na moyo wa kumkatalia mtu mwenye macho kama yale. Akachukua bisibisi.

Alifungua mgongo wa simu, akatoa betri, akailaza juu ya kitambaa karibu na chupa ya spiriti. Akanyanyua raba ya vitufe. Chini yake vilikaa visahani vidogo vya bati, kila kitufe na chake. Cha kijani kilikuwa kimepasuka katikati. Kilibonyezwa mno, na kwa nguvu. Scolastika akatazama kidole gumba cha Apolonia, akaona ukucha umekufa, umekuwa mweusi.

Nkwabi alibandua kisahani kama hicho kwenye simu mbovu, akakisafisha kwa mswaki na spiriti, akakibandika. Akarudisha raba, akafunga mgongo, akakaza skrubu. Alipokuwa anainua mkono amalizie, simu ikaita.

Ikaandika Baba Blessing.

Apolonia alisimama, kikombe kikamwagika. Nkwabi alifanya alichofanya kwa kila simu anayoitengeneza. Alibonyeza kitufe, akaweka sikioni.

Kikashika.

Alisikiliza kidogo. Uso wake ukalegea, kama wa mtu aliyeitwa kutoka mbali. Kisha akasema, kwa sauti ya juu ambayo Scolastika hakuwahi kuisikia:

"Nimekushika!"

Mzee Bujiku aliangusha redio.

"Ng'wanawane, mwanangu," alinong'ona, "umesema nini?"

"Amesema vuta," Nkwabi alijibu. "Ulimi umejibu wenyewe, mzee. Nilichimba miaka mingi."

Scolastika hakuelewa. Alikuwa anatazama kitambaa mezani. Betri ilikuwa bado pale, karibu na chupa ya spiriti.

Ni mzee Bujiku aliyemweleza, pembeni. Kwenye maduara hakuna ngazi ya kutegemea, kuna kamba na mtu. Wa chini anaita vuta, wa juu anajibu nimekushika. Akishajibu, mikono yake si yake tena mpaka mwenzake akanyage juu. Akiachia, aliye chini anakufa. Ndiyo maana mchimbaji halitamki neno hilo hata kwa utani, hata nyumbani, hata amelewa.

"Na akiachia sasa?" Scolastika aliuliza.

Mzee alitazama chini. "Kamba itateremka naye."

Walipogeuka, Nkwabi alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameitanguliza. Mikono ilikuwa mbele ya kifua, ngumi moja juu ya nyingine. Ikavuta. Ikabadilishana. Ikavuta tena.

Hapakuwa na kitu mikononi mwake.

Walimpeleka zahanati kwa bajaji, akivuta. Abdu alimshikilia mgongo njia nzima asianguke, wala hakutania. Muuguzi alimchoma sindano ya usingizi. Alilala. Mikono haikulala. Muuguzi alipopata nafasi ya kuchungulia viganja, alikuta ngozi imechubuka mpaka nyama. Akachukua kibano, akaanza kutoa vitu vyembamba vilivyozama kwenye vidonda.

"Huyu anafanya kazi ya kamba?" aliuliza.

Zilikuwa nyuzi za katani.

Wakarudi nyumbani. Wanakwaya walikuja wakaomba, sauti zikawaishia. Zuhura, mke wa Abdu, alifika na uji, akauacha, akachukua nguo chafu za Loveness akaenda kuzifua bila kuambiwa. Scolastika alimnywesha mumewe kwa kijiko katikati ya mvuto na mvuto. Alijaribu kumfumbua vidole. Ni kama kufumbua mzizi. Loveness aliponyoosha mikono abebwe na baba yake, Nkwabi alimtazama, machozi yakamtoka, na mikono ikaendelea.

Alikonda mbele ya macho yao. Midomo ilipasuka. Scolastika alianza kufikiria kamba. Siyo ile isiyoonekana. Alifikiria kumfunga mumewe mikono kwenye nguzo ya kitanda, iache kuvuta, liwalo na liwe.

Ndipo mchana mmoja Apolonia akaja, akapiga magoti mlangoni.

"Mama Loveness, usimwachishe."

"Anakufa, dada. Mtazame."

"Namwona. Mungu ananiona namwona. Lakini yule chini ni baba yake Blessing. Usimwachishe. Nakuomba."

Scolastika alitaka kumfukuza. Badala yake alimnyanyua, akamkalisha kitandani, wakashikana mikono, kila mmoja akiomba kitu kitakachomuua mume wa mwenzake. Hakuna aliyelaumu.

Nkwabi akanong'ona.

Scolastika alisogeza sikio.

"Mzito," alisema. "Jilala nilimvuta mara nyingi. Hakuwa mzito hivi."

Apolonia alisikia. Aliachia mkono wa Scolastika, akatoka nje bila kuaga. Alimkumbuka mwanawe. Blessing alikuwa nyumbani, amelala.

Jua lilikuwa bado kali. Kuku walikuwa wanaparura uani. Mikono ya Nkwabi ilianza kwenda polepole. Mvuto mmoja. Akapumzika. Mvuto mwingine. Kitanda kilisogea kidogo kuelekea mlangoni, kikaacha mkwaruzo kwenye saruji.

Akaegemea nyuma. Akanyoosha mkono wa kulia chini, kama mtu anayempa mwenzake mkono amalizie hatua ya mwisho.

Bega lake likalia.

Kisha vidole vikafunguka.

Pazia la mlango lilipeperuka kwenda nje. Upepo haukuwepo. Harufu ya baruti na maji yaliyooza ilipita chumbani, ikatoka. Kuku wote walinyamaza.

"Amepanda," Nkwabi alisema.

"Nani? Baba Loveness, nani amepanda?"

Nkwabi alitazama mlango.

"Jilala ningemjua," alisema, akapoteza fahamu.

Scolastika alimwacha na Zuhura, akakimbia, Loveness akirukaruka mgongoni. Mzee Bujiku, aliyekuwa amekaa uani, alimfuata akichechemea. Apolonia alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko. Walimkuta amesimama katikati ya uwanja, amemkumbatia Blessing kwa nguvu mpaka mtoto analalamika. Mlango wake ulikuwa wazi.

"Nimemtoa sasa hivi," alinong'ona. "Nimemtoa tu, na kitu kikanipita hapa. Hapa, begani."

"Umeona mtu?"

"Yaya, hapana. Sikuona kitu. Kimesema hodi. Kwa sauti ya Jilala."

"Ukajibu?"

Apolonia alitikisa kichwa. "Mimi sikujibu."

Wakamtazama Blessing. Mtoto alikuwa anatazama mlango, kidole mdomoni.

"Nimesema karibu," alisema.

Mzee Bujiku aliingia kwanza kwa sababu wanawake hawakuweza. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, masufuria na ndoo. Hapakuwa na mtu. Kwenye saruji kavu, kuanzia kizingiti, zilipangana nyayo mbichi za miguu peku, pana kuliko za mtu yeyote aliyewahi kumwona. Zilipita mezani, zikapita kitandani, zikafika ukutani. Zote zilielekea ndani. Hapakuwa na hata mmoja uliotoka.

Mzee alichutama, akagusa mmoja kwa ncha ya kidole. Akafuta kidole kwenye suruali haraka, kama aliyegusa moto, akatoka nje, akaufunga mlango.

Viganja vya Nkwabi vilipona, vikaacha makovu. Mvua za kwanza ziliponyesha, Apolonia, ambaye hakulala tena kwenye chumba kile, alimchukua mwanawe akahamia Kishapu, kwa kaka yake. Siku hizi Blessing yuko darasa la kwanza.