Sumaku ya Dirisha la Chini

Hikmat hakuwahi kuipenda sauti ya kike iliyomo ndani ya kile kidude cha ulinzi cha ukutani, lakini jioni ile, adhana ya Magharibi ikiwa imetoka kuita kwenye simu ya mkewe, Nawal, alitamani kukipiga nyundo.

"Hitilafu," ilisema. "Dirisha la chini liko wazi."

Akaacha kijiko ndani ya supu ya dengu, akashuka ngazi hadi kwenye chumba cha marehemu mwanawe. Dirisha lilikuwa limefungwa, komeo liko mahali pake, kioo kimeganda barafu kwa nje. Kulinuka moshi wa sigara za bei rahisi, zile alizokuwa akizivuta Wisam kwa kujificha. Hikmat akajiambia ni zulia, mazulia hutunza harufu.

Aliporudi juu, Nawal alikuwa hajagusa chakula.

"Limefunguka?"

"Limefungwa. Ni betri tu, Mama Wisam. Kula."

Bado waliitana hivyo. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu mtoto wao wa pekee akutwe amekufa kwa baridi kwenye benchi la kituo cha basi, mtaa wa pili kutoka nyumbani, na hakuna kati yao aliyekuwa na moyo wa kutafuta majina mengine.

Alibadilisha betri. Kesho yake, saa ileile, sauti ikarudia maneno yale yale. Akapiga simu kampuni ya ulinzi, akapokewa na kijana mchangamfu.

"Mzee wangu, kwenye fremu kuna kihisi, kwenye dirisha kuna sumaku. Sumaku ikisogea mbali, kihisi kinajua dirisha limefunguliwa. Hebu angalia, vimeachana?"

"Vimekaribiana kabisa."

"Basi kihisi kimekufa, nakutumia kingine. Kwa sasa bonyeza 'ruka'. Mfumo utaliacha dirisha hilo bila ulinzi, nawe utakula kwa amani."

"Niliache bila ulinzi?"

"Mzee, kwa baridi hii ya Edmonton, mwizi gani atatoka kwake?"

Hikmat hakucheka. Mambo ya sumaku hakuhitaji kufundishwa. Usiku ule wa msiba alishuka akakuta kitanda kitupu, na kwenye kihisi kumebandikwa kwa selotepu sumaku ya friji yenye umbo la limau, ili kidude kiamini dirisha limefungwa hata likiwa wazi, na Wisam atoke kwenda kwa wenzake. Akaibandua sumaku, akasukuma komeo, akaketi sebuleni. Alitaka mtoto apige kengele ya mlangoni, aingie kama watu, asemwe usoni. Alisikia dirisha likitikiswa. Akanyamaza. Kengele haikulia, na usingizi ukamchukua kwenye kiti. Sumaku ile aliificha gereji, kwenye sanduku la vifaa, asimwambie mtu yeyote, hata Nawal.

Kihisi kipya kilikuja, akakifunga mwenyewe. Jioni hiyo, kabla kidude hakijasema neno, wakasikia dirisha la chini likitikiswa polepole, kama anavyotikisa mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba, likatulia, likatikiswa tena, kisha harufu ya moshi ikapanda ngazi ikaja hadi mezani, na ile sauti ikasema hitilafu, dirisha liko wazi, na Nawal akamshika mumewe mkono chini ya meza.

"Ni yeye," alinong'ona. "Ana baridi."

Wakamwita Sheikh Munir. Alisoma Kurani kule chini mpaka sauti ikamkauka, akapanda juu akitokwa jasho.

"Si Wisam," alisema. "Mwanenu kaenda kwa Mola wake. Huyu ni karini, jini aliyezaliwa naye, akakua naye. Nimemwamuru aondoke, anasema alifungiwa nje. Nani alimfungia?"

Hikmat aliangalia kikombe chake cha chai.

"Mimi," akasema, akaeleza yote.

Nawal hakulia. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukakaa tu."

"Nilikaa."

Mama yule akakusanya vyombo, akaenda jikoni, na maji ya bomba yakasikika yakimwagika kwa muda mrefu. Sheikh alivaa viatu vyake vya theluji mlangoni bila kumtazama Hikmat.

"Usimfungulie," alimwambia, "hata uisikie sauti ya mwanao. Huyo akiingia, hatoki."

Kesho yake Magharibi dirisha likatikiswa. Hikmat akashuka. Alisimama mbele ya kioo kile chenye barafu akijua vizuri kwamba mtoto wake yuko makaburini, kwamba kilichokuwa nje hakikuwa na damu wala baridi, kwamba sheikh alikuwa amemwonya kwa maneno ambayo hata mjinga angeyaelewa, na mkono wake ukaenda kwenye komeo, ukalivuta, ukalifungua dirisha lote.

Baridi ikaingia. Theluji ya nje haikuwa na unyayo hata mmoja. Alingoja kidude kipige kelele.

"Dirisha la chini limefungwa," sauti ikasema kule juu. "Nyumba iko salama."

Akapapasa kihisi. Vidole vyake vikagusa selotepu, na chini yake umbo la limau. Nyuma yake ngazi zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kwa hatua za mtu anayetembea kwa ncha za vidole.

"Baba Wisam," Nawal aliita kwa sauti ya chini kutoka jikoni. "Nani anapanda?"

Hikmat akalifunga dirisha, akasukuma komeo.

"Mpakulie supu," akasema.