Mlango Uliomezwa na Fremu

Magharibi ilinikuta njiani, picha imefungwa kwa gazeti, nikimpelekea mama mmoja, mwalimu mstaafu, kazi yake. Mimi ni fundi fremu. Maneno ya wateja huingia sikio hili yakatokea lile. Mama huyu alinieleza kwamba picha ilichorwa na binti yake: nyika ya theluji, nyumba ndogo pembeni kabisa, mlango wazi, na msichana wa shali nyekundu akiuendea. Binti mwenyewe alikuwa kitandani siku ya tisa, haamki, miguu baridi. Mama akaapa kwamba kila asubuhi yule wa shali husogea hatua moja.

"Akifika mlangoni ataamka," aliniambia.

Niliitikia kwa adabu, moyoni nikacheka.

Nilipofika kwake, nikaitundika picha mkabala na kitanda cha binti. Chumba kilikuwa na joto, lakini pumzi ya binti ilitoka na mvuke, kama ya mtu aliye nje kwenye baridi. Kicheko kikanikauka.

Ngo... ngo... ngo.

Mama akaenda kufungua mlango wa mbele. Hapakuwa na mtu.

Ngo... ngo...

Ilitoka ukutani.

Nikasogea. Msichana wa shali alikuwa amefika ukingoni mwa picha, uso umegusa ubao wangu. Ndipo nikakumbuka. Fremu hula nusu kidole cha picha kila upande, fundi yeyote anajua. Katika nusu kidole hicho ndimo ulimokuwa mlango.

"Fundi," mama alinong'ona, "mlango uko wapi?"

 Niliogopa, sikufichi. Niliishusha picha, nikaing'oa fremu kwa bisibisi, misumari ikinichana vidole. Kubisha kukafifia... kukakoma. Kioo kilipotoka, harufu ya baridi na nywele mbichi ikajaa chumbani. Mlango ukaonekana.

Ulikuwa umefungwa.

Nyuma yetu, mtu akakohoa.

Binti alikuwa ameketi. Mama alimkumbatia akilia, nami nikalia bila aibu. Binti alipopata sauti alisema alikuta mlango umezibwa, akagonga mpaka mikono ikafa ganzi.

"Akaja mwingine, akanisaidia kusukuma."

"Nani, mwanangu?"

 Binti alikuwa akitazama kona iliyo nyuma ya kabati.

Nikaiinua picha. Kwenye theluji palikuwa na nyayo za watu wawili, zote zikiingia ndani. Ningeipima fremu vizuri, binti angeingia peke yake.