Bahasha ya Funafuti

Saa saba na dakika ishirini mchana, Jumamosi, Winifrida alikuwa akipangusa kabati la kioo katika ukumbi wa jamii wa Kenton alipoona bahasha za maonyesho kumi na tano mahali palipokuwa na kumi na sita. Akahesabu tena. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, kioo hakina hata ufa, ila pale katikati vishikizo vinne vya plastiki vilibaki vinashika hewa.

"Mzee Kanti! Hebu njoo uone."

Mzee Kanti alikuja akijifuta mvua mabegani kwa leso. Alikuwa mtoto wa Ngamiani, Tanga, ingawa London ilikuwa imemla miaka hamsini. Thelathini kati ya hiyo alikusanya barua walizoandika mabaharia wa Kimarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili wakiwa Funafuti, kisiwa chembamba kama mkanda katikati ya Pasifiki. Asubuhi ile alikuwa amemwonyesha Winifrida bahasha nyingine, mpya, yenye stempu na anwani yake mwenyewe. Kila maonyesho ya wakusanyaji alimpa jaji aitie sahihi, kisha akajipelekea kwa posta ipate mhuri wa siku. Watu wa bahasha ndivyo walivyo, hujiandikia wenyewe.

Alilitazama pengo. "Lo," alisema. "Imekwenda."

Aliyepiga kelele alikuwa Noel, katibu wa kamati ya ukumbi. "Iliyochapishwa kwenye kipeperushi! Ufunguo wa kabati uko wapi?"

"Jikoni, kwenye msumari," alisema Winifrida.

"Anautunza nani?"

"Mimi."

"Basi jibu tunalo. Jaji anaingia saa tisa. Bahasha isipoonekana, naandika ripoti, na Jumatatu unakabidhi funguo zote. Usinichukie, dada, ni utaratibu."

Kazi ile Winifrida aliitafuta miezi kumi na moja. Ndiyo iliyomwachia jioni za kwenda darasani, na ndiyo pekee iliyokubali binti yake wa miaka miwili alale kwenye kigari jikoni huku mama anapiga deki. Akatupia kitambaa begani.

"Hatoki mtu," alisema. "Saa tisa bado."

Saa sita na nusu alikuwa ameiona bahasha kwa macho yake. Tangu hapo waliokwenda jikoni walikuwa watatu. Mzee Paresh alifuata chai, Mama Poonam alipasha chakula, na Mzee Kanti aliomba maji ya kumezea dawa.

Alianza na Paresh, mtu wa Mwanza, shemeji yake Kanti na mwanachama mwenzake katika chama cha wakusanyaji barua. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna.

"Mzee, una nini humo?"

"Leso."

"Leso inatoka mafuta?"

Paresh alichungulia mlango wa jikoni. "Binti, ukimwambia dada yangu Poonam, mimi ni marehemu. Kachori. Tatu."

"Na sukari yako?"

"Sukari yangu ndiyo inayozipenda."

"Na bahasha? Wanasema ulikuwa ukiitamani."

"Niitamani nini, na mimi ndiye niliyempa? Kanti alipopasuliwa moyo niliinunua mnadani, nikampelekea hospitali. Alilia mpaka nesi akaja kumpima."

Mama Poonam, mke wa Kanti, alihojiwa akikaanga, maana alikataa kuzima jiko kwa ajili ya upuuzi.

"Mama, mwezi jana ulisema utazichoma bahasha zake."

"Nilisema. Na leo narudia. Lakini tumia akili, mwanangu. Nyumbani ziko mia tatu. Chumba cha wageni zinalala bahasha, wageni wanalala sebuleni. Niibe moja? Ningekuja na lori!"

"Hukuona chochote cha ajabu?"

Poonam aligeuza kachori. "Nimeona mume wangu akikataa hizi. Miaka arobaini na minne ya ndoa, ni mara ya kwanza. Nikadhani moyo umerudia."

"Saa ngapi hiyo?"

"Noel alipotangaza jaji amebadilishwa. Saa saba kasorobo."

Winifrida alikumbuka tangazo lile. Jaji wa kawaida alikuwa na mafua, na badala yake angekuja Bwana Leonard, mtaalamu wa barua za kijeshi. Alirudi kabatini akasoma, kwa mara ya kwanza tangu aanze kulipangusa, maelezo aliyoyaandika Kanti mwenyewe. Baharia hakuruhusiwa kutaja mahali alipo. Mhuri wa posta ulikuwa na namba tu. Afisa aliisoma kila barua kabla haijaondoka, na jina la kisiwa akiliona, hulikata kwa wembe. Akazikagua zile kumi na tano. Hakuna iliyotaja kisiwa. Kisha akafunua kipeperushi, akaisogelea picha ya ile ya kumi na sita. Pembeni, kwa mwandiko mkubwa usio na hofu, mtumaji alikuwa ameandika "Funafuti". Na juu ya jina hilo, bila aibu, ulikuwa umepigwa mhuri unaoonyesha kwamba afisa ameipitisha.

Saa nane na dakika arobaini aliwakalisha wote wanne.

"Mzee Kanti, shikamoo tena."

"Marahaba."

"Ile bahasha yako ya kumbukumbu iko wapi? Nataka kuiona."

Kanti alipapasa mfuko. "Nimeshaitia posta."

"Kabla jaji hajaitia sahihi?"

Hapo Paresh aliacha kutafuna. "Kanti! Bila sahihi? Umeumwa?"

"Alitoka mvuani bila koti," Winifrida aliendelea. "Na mkono aliomezea dawa ndio uliochukua ufunguo na kuurudisha msumarini. Mzee, ile ya Funafuti iko ndani ya bahasha yako, na bahasha yako iko kwenye sanduku jekundu hapo nje."

Kanti alivua miwani. Alionekana mdogo ghafla.

"Nilitaka kuichana," alisema. "Mkono ukakataa. Sijawahi kuchana barua. Basi nikaipa posta, maana posta ndiyo mahali pekee ninapopaamini."

"Lakini ni yako!" alisema Noel. "Mtu anaibaje mali yake?"

"Ni ya bandia. Aliyeighushi alitia jina la kisiwa ili iuzike. Leonard angeigundua kwa dakika moja, mbele ya watu, mbele ya..." Alimkwepa Paresh kwa macho. "Ni zawadi. Nilijua siku ileile, kitandani hospitali."

"Ndiyo maana ulilia?" Paresh aliuliza.

"Nililia kwa sababu ulikuja."

Paresh alifuta mafuta vidoleni, polepole. "Mimi nilijua mwaka uliofuata. Kila ukiiweka katikati ya kabati, mimi silali. Nikasema, mwenyewe anaipenda, nimwambieje?"

"Wapumbavu wawili," alisema Poonam. "Na hiyo moja ndiyo niliyokuwa naipangusa vumbi!"

Winifrida hakucheka. "Mzee, ulimwogopea shemeji yako, nakuelewa. Lakini ulinyamaza Noel aliponidai funguo. Mimi nina mtoto."

"Nilikuwa nautafuta ujasiri, binti yangu."

"Umeutafuta saa nzima na dakika ishirini."

Kanti aliinamisha kichwa. "Nimekosa. Nisamehe. Na Noel, andika jina langu, si lake."

Noel alisimama. "Kwanza tuhakikishe. Nileteeni waya, niitoe sandukuni."

"Waya!" Kanti na Paresh waliruka pamoja. "Barua ikishaingia haiguswi!" Kanti alipaza sauti kama sheikh aliyeona viatu msikitini. "Itafika kwangu Jumatatu. Utaiona huko."

Noel alikaa. Alikuna shingo. "Kuna tatizo dogo. Ripoti nimeshaituma kwa kamati. Saa saba na nusu."

"Ulisema saa tisa!" alisema Winifrida.

"Nilitaka kuokoa muda."

Winifrida alivuta kiti akaketi mbele yake, karibu sana. "Toa simu. Andika nyingine. 'Mimi Noel, nilimshuku Winifrida bila kumuuliza mtu mwingine hata swali moja.'"

"Pana haja ya 'mimi Noel'?"

"Ipo."

Noel aliandika. Mama Poonam alisimama nyuma yake kukagua, akamrudisha mara mbili: mara ya kwanza kwa kusahau neno "samahani", mara ya pili kwa kuliweka mwishoni kabisa. Bado alikuwa akibonyeza herufi mlango ulipofunguliwa, na mzee mrefu mwenye mwavuli na kioo cha kukuzia kifuani akaingia, akauliza kwa Kiingereza msimamizi wa ukumbi ni nani.

Noel hakuinua macho kutoka kwenye simu. Alimwonyesha Winifrida kwa kidevu.

"Ni yeye," alisema. "Muulize yeye."