Jina la Baba Guddi

Jua lilikuwa linazama Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto, na Dulari alikuwa amebakiza maji ya tano.

Mahali pa kuoga ni patano, kwa mpangilio wake, siku moja, kabla giza halijaingia. Jua likikutangulia, umeoga bure, kama aliyeoga uani kwake. Dulari alianza pa kwanza, Assi, alfajiri, akaenda pa pili, pa tatu, pa nne, tumbo tupu, sari imemganda mwilini. Kote alizama kwa ajili ya mumewe, aliyelala hoi kijijini, safari ya treni ya usiku mzima kutoka hapo. Homa ilikuwa siku ya ishirini na moja. Daktari alishakata tamaa.

Na kote, kabla ya kuzama, jina la mgonjwa hutajwa kwa sauti na mtu aliyesimama majini. Hapo ndipo penye kazi. Mke wa kwao hataji jina la mumewe, ng'o! Kulitaja ni kumpunguzia siku za kuishi, na huyu siku zenyewe alikuwa nazo ngapi? Miaka kumi na minne Dulari alimwita Baba Guddi, kwa jina la binti yao, basi. Ndiyo maana alikuja na wifi yake, Phulmati, mdomo usio na breki, amtajie.

Lakini pale pa nne Phulmati aliteleza. Mguu ukavimba.

"Wifi, ngazi hizi sishuki," alisema walipofika pa tano, Manikarnika, panapochomwa maiti. "Litaje mwenyewe."

"Mimi? Nimuue?"

"Mh! Umemzalia mtoto, leo jina lake unalionea haya? Haya, shuka ukamlete mtu nimnong'oneze. Mbio! Jua hilo linakwenda!"

Dulari alishuka. Moshi, samli, maua yaliyooza. Wachoma maiti walikuwa wamempa mgongo. Majini alikuwamo mwanamke mmoja tu, maji kiunoni, nywele zimefumuliwa.

"Una mgonjwa," mwanamke alinong'ona.

"Ndiyo, dada. Njoo juu mara moja, wifi yangu atakwambia jina..."

"Ninalo. Mmelitaja mara nne leo. Maji yanasikia."

Dulari alitazama nyuma. Ngazi zilikuwa nyingi mno, na jua lilikuwa limebaki kipande.

"Sema tu, 'Nimekupa,'" mwanamke alimwambia.

Alijua kuna kitu hakiko sawa. Alijua kabisa! Lakini mtu ambaye mumewe anakata roho ataanza kuchagua wa kumsaidia?

"Nimekupa," alisema.

Mwanamke akalitaja jina. Taratibu. Kwa sauti ya mke anayemwita mumewe aje kula.

Wakazama pamoja.

Dulari akaibuka.

Alisubiri... akasubiri... Maji yalitulia tuli. Hakuna aliyeibuka.

Alipanda zile ngazi mbio, akikwaa pindo la sari. Juu alimkuta Phulmati na simu sikioni, analia na kucheka.

"Mama huyu, anapiga kutoka nyumbani! Kaka kaamka! Homa imekwisha!"

Dulari aliinyakua simu.

"Mama, kweli?"

"Kasimama mwenyewe, binti yangu," alisema mama mkwe. "Yule mwanamke uliyemtuma ndiye kamwamsha. Yuko mlangoni, kalowa chapachapa. Kamwita kwa jina mara moja tu, naye kaitika."

"Mama... sikumtuma mtu."

Kule nyumbani kitasa kikalia.

"Mbona anamfuata yule mwanamke? Wewe! Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Mwite, mama! Mwite kwa jina lake, atarudi!"

Dulari alisikia pumzi za bibi kizee. Zikaja, zikaenda.

"Mama?"

"Binti yangu..." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Mwanangu anaitwa nani?"

Dulari alimgeukia wifi yake. "Liseme! Liseme jina la kaka yako!"

Phulmati alifungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi. Tangu asubuhi alikuwa amelitaja mara nne, na sasa macho yalimtoka na hakuna neno lililokuja.

Basi Dulari akaamua kulisema mwenyewe. Laana iwe laana! Alilitafuta moyoni, kule alikolificha miaka yote.

Hapakuwa na kitu.

"Baba Guddi!" alipiga yowe simuni. "Baba Guddi! Baba Guddi, rudi!"

Kule upande wa pili nyayo zenye maji za watu wawili zilisikika zikitoka uani, hazina haraka. Hazikusita hata kidogo.