Oketch Yuko Ndani ya Hiyo Kompyuta

Duka letu liko Kisian, kando ya barabara ya Busia. Ni duka la picha na uchapishaji. Asubuhi tunapiga picha za pasipoti. Mchana tunachapa barua na kutoa kopi. Lakini kazi inayotulisha hasa ni programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba ya ibada na maisha ya marehemu. Familia ikifiwa, inatuletea picha za marehemu, nasi tunazipanga na kuzichapa. Mwaka ukiisha, familia hiyo inarudi. Inataka picha zile zile kwa ibada ya kumbukumbu. Kwa hiyo hatutupi kitu. Picha zote hukaa kwenye kompyuta ya duka.

Kuna picha nyingine ambazo haziwekwi kwenye programu. Ni zile za marehemu akiwa ndani ya jeneza. Ndugu aliye mbali akishindwa kufika, huomba apigiwe hizo ili naye amuage mtu wake. Mume wangu, Walubengo, ndiye huzipiga. Tunazituma kwa ndugu huyo tu, na tunaahidi kwamba hakuna mgeni atakayeziona. Sisi tulihamia hapa kutoka Bungoma. Watu wa Kisian hawakutuamini siku ya kwanza. Imani hiyo tuliitolea jasho.

Sasa sikiliza alichofanya Walubengo.

Tulikuwa tumenunua kompyuta mpya. Ile ya zamani ilikuwa nzito, ikiwashwa unaweza kunywa chai ukamaliza kabla haijafunguka. Tulikubaliana tuiuze. Nilienda Muhoroni kumwona dada yangu aliyejifungua. Niliporudi, meza ya ile ya zamani ilikuwa wazi.

"Baba Naswa, ile kompyuta iko wapi?" nikamwuliza mume wangu.

"Nimeuza. Kuna mama anauza kompyuta za mitumba pale Kisumu, anaitwa Gakenia. Alichukua bila maneno mengi."

"Na picha?"

"Kwani mimi ni mtoto? Nilihamisha kila kitu na flashi, nikaweka kwa hii mpya. Halafu nikafuta zote kwa ile ya zamani. Hata lile pipa la takataka la kompyuta nilimwaga."

Alisema hivyo kifua mbele. Nikatazama skrini ya kompyuta mpya. Kweli, majina ya familia zote yalikuwa yamejipanga pale kama zamani. Nikaridhika, nikaenda kupika.

Jumanne asubuhi alikuja Mercyline. Huyu ni mama anayekaanga samaki hapo kituoni. Mume wake, Oketch, alifariki mwaka jana kwa ajali ya barabarani. Simu ya Oketch ilipotea siku hiyo hiyo, pamoja na picha zake zote. Picha nzuri iliyobaki ni moja tu, ile aliyopigwa dukani kwetu akiwa na shati jeupe, anacheka.

"Kumbukumbu ni Jumamosi," Mercyline alisema. "Nataka ile ya shati nyeupe. Mfanye kubwa, niweke mbele ya watu."

"Hiyo ni kazi ndogo," Walubengo akasema. Akabonyeza jina la Oketch.

Kompyuta ikajibu kwamba kinachotafutwa hakipo.

Akabonyeza tena. Jibu likawa lile lile. Akajaribu jina la familia ya Shitanda, kisha la Waliaula. Hakuna kilichofunguka. Nikasogea karibu na skrini.

"Baba Naswa, ulihamisha nini na hiyo flashi?"

"Hizi! Si unaziona hapa?"

Alikuwa anaonyesha vile vipicha vidogo vya kubonyeza. Mercyline alituangalia mmoja mmoja. Aliweka kikapu chake chini.

"Yawa, Walubengo. Picha ya mume wangu imepotea?"

"Haijapotea, Mama. Pengine imebaki kwa ile kompyuta ya zamani."

"Na hiyo ya zamani iko wapi?"

"Niliuza."

Mercyline alikaza leso yake kiunoni. Halafu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa.

"Na zile za sanduku? Zile ulipigia ndugu yake, ukaniapia hakuna mtu ataona? Hizo pia umeuza?"

Walubengo akasema alizifuta. Mercyline akamwambia, "Wewe ulisema umehamisha, na hukuhamisha. Sasa unasema umefuta. Nikuamini namna gani?"

Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu mama huyu alikuwa na haki. Nilifunga duka mchana kweupe. Nikamwambia Walubengo, "Twende Kisumu. Utembee mbele, nisikuone uso." Mercyline naye akachukua kikapu chake akaja, na harufu ya mafuta ya samaki kwenye nguo zake.

Duka la Gakenia limejaa kompyuta za mitumba kutoka sakafuni hadi juu. Kompyuta yetu ilikuwa mezani, imewashwa. Mwalimu mmoja kutoka Awasi alikuwa amekaa mbele yake anajaribu kibodi. Tayari alikuwa ametoa pochi.

Mercyline hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja, akasimama kati ya mwalimu na skrini.

"Hii haiuzwi," akasema. "Mume wangu yuko ndani."

Mwalimu aliondoa mikono yake kwenye kibodi kana kwamba imemchoma. Gakenia akatoka nyuma ya meza, bisibisi mkononi.

"Haiya! Mama, kuna nini?"

Nikamwambia mimi ni Mama Naswa, nikamweleza yote. Gakenia alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Walubengo, na uso wake haukuwa wa biashara tena.

"Mzee, wewe nilikuuliza kama hii mashine ni safi. Ulinijibu nini?"

"Nilisema ni safi. Nilifuta."

"Ulifuta? Kuja uone."

Alichomeka flashi yake yenye programu ya kurudisha vilivyofutwa, akaiacha itafute. Hatukungoja sana. Picha zikaanza kurudi kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Mtoto wa Shitanda na kofia ya mahafali. Vitambulisho vya watu, mbele na nyuma. Harusi ya Waliaula. Kisha Oketch na shati lake jeupe, anacheka. Na baada yake, Oketch ndani ya jeneza, pamba puani.

Mercyline alivua leso yake kiunoni akafunika skrini. Aliishika pale kwa mikono miwili. Mwalimu wa Awasi akageuka, akatazama barabara.

"Ona," Gakenia alimwambia Walubengo, sauti chini lakini kali. "Ukibandua karatasi imeandikwa 'mahindi' kwa gunia, mahindi yametoka?"

"Hapana."

"Ndio hivyo ulifanya. Ulibandua jina. Picha zilibaki ndani, na mtu yeyote mwenye programu kama hii anazitoa. Anatoa vitambulisho, anatoa maiti za watu. Unajua wezi wanaweza kufanya nini na kitambulisho cha mtu?"

"Lakini kwa flashi niliona majina yote," Walubengo akasema.

"Hizo ni alama za kuonyesha njia tu. Ulibeba kibao cha barabara ukaacha nyumba. Siku nyingine, ukihamisha kitu, toa flashi, peleka kwa kompyuta nyingine, fungua picha yenyewe uione na macho. Ikikataa kufunguka, hujahamisha kitu."

Nikaona nafasi yangu. "Mwambie! Mwambie tena!"

"Na wewe, Mama Naswa, usinicheke," Gakenia akanigeukia. "Picha za kijiji kizima mnaweka mahali pamoja? Hiyo kompyuta ingeibwa je? Ingeungua je?"

Nilikasirika pia kwa hilo, lakini kimya kimya.

Mwalimu alirudisha pochi mfukoni. Akasema atachukua mashine hiyo ikiwekwa diski nyingine, na kwamba yeye mwenyewe ana kompyuta nyumbani anayotaka kuuza, kwa hiyo anaomba abaki aone. Gakenia akamvutia kiti. Kisha akampa Walubengo bisibisi.

"Diski yenye picha utaitoa mwenyewe. Ndio usisahau."

Akamwelekeza kwa hasira ya mwalimu mzuri. Kwanza zima kompyuta, usiizime kwa kuchomoa waya. Ikishazima kabisa, chomoa waya wa umeme. Gusa chuma cha sanduku la kompyuta, umeme mdogo ulio mwilini utoke, kwa maana huo huweza kuharibu vyombo vya ndani. Fungua skrubu, ondoa ubavu wa sanduku.

"Unaona hicho kijisanduku cha chuma, bapa, ukubwa wa kitabu kidogo? Hiyo ndiyo diski. Picha zote zinakaa hapo. Hiyo nyingine yote ni mashine tu. Ukiuza mashine, si lazima uuze diski."

Diski ilikuwa na waya mbili. Moja inaleta umeme, nyingine inapitisha habari. Walubengo alizivuta polepole, kwa kushika kichwa cha waya, si katikati. Akafungua skrubu za pembeni, akaitoa.

"Usiiangushe," Gakenia akasema. "Ikianguka, hata mimi sina dawa. Ishike kwa kingo."

Aliifunga kwa karatasi ya plastiki yenye mapovu, akampa Mercyline. Hakumpa Walubengo. Mercyline aliilaza kwenye kikapu, juu ya leso.

"Kompyuta yenu mpya ni ile kubwa ya mezani?" Gakenia akaniuliza. "Basi ina nafasi ya diski ya pili. Mtaiweka kama mlivyoitoa, mkianza na hatua ya mwisho. Kompyuta ikiuliza kama itengeneze diski upya, mkatae. Mkikubali, itafuta. Kwanza rudisheni picha kwa flashi hii yangu, mzinakili zote kwa kompyuta mpya. Zifungueni. Halafu mnakili tena kwa diski ya nje, mweke nyumbani, si dukani."

"Na hizi zake za jeneza?" Mercyline akauliza.

"Hizo zina programu yake. Inaandika takataka juu ya picha, tena na tena, hata mimi nisizipate. Nitawapa. Lakini mfute mkishahakikisha zile zingine ziko salama. Na kama siku nyingine diski ni ya zile mpya zisizo na kitu kinachozunguka ndani, programu hii haitoshi, msibahatishe, mniletee kwanza."

Tulirudi Kisian. Mercyline alikaa karibu na Walubengo mpaka diski ikaingia mahali pake. Tukachomeka flashi ya Gakenia, na picha ya shati jeupe ikarudi, ikafunguka. Tukanakili zote ila zile za jeneza, tukafungua moja moja, tukanakili tena. Kisha tukaweka ile programu ya kufuta. Nilitaka kuibonyeza mimi. Mercyline akanisukuma kando. Picha za jeneza alizifuta yeye, kwa kidole chake.

Jumamosi tulipeleka picha kubwa ya Oketch, ndani ya fremu. Watu walikuwa wamejaa uani kwa Mercyline. Walubengo alitafuta meza ya kuiweka. Mercyline akamkataza.

"Hapana. Utamshika wewe."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka watu wamalize kumwombea. Wewe ndiye ulimwacha kwa wageni."

Hakumwambia kwa utani. Mchungaji alianza, kwaya ikaimba, jua likapanda. Walubengo alisimama mbele ya watu wote, fremu kifuani, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Nilipomletea kiti alikataa kwa kichwa.

Siku hizi kompyuta haitoki dukani kwetu kabla ya diski yake kutoka kwanza. Diski ya nakala inakaa nyumbani. Picha za jeneza tunazituma kwa ndugu, tunahakikisha amezipata, kisha tunazifuta mbele ya mwenye msiba. Watu wa Kisian bado wanakuja, na Mercyline ndiye anayewaleta. Lakini kila akileta familia mpya, anamwangalia Walubengo kwanza, na Walubengo anatoa bisibisi kwenye droo ya meza, anamwonyesha, kisha ndipo tunaanza kazi.