Kulabu Ndani ya Unga

Torpekai alikuwa akikanda unga, macho yake yakiwa kwa mumewe. Sharbat alikuwa anainoa kulabu yake ya kuangushia matunda ya msonobari. Huku milimani Khost, njugu za msonobari ndizo nguo, chumvi na dawa za mwaka mzima.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Kutazama mlima tu."

"Kutazama kwa kulabu?"

Baraza la wazee, yaani jirga, lilikuwa limeweka jiwe kwenye mteremko unaogombewa na vijiji viwili. Jiwe likishawekwa, hakuna anayegusa kitu pale mpaka hukumu itoke. Atakayevunja katazo hilo atachomewa nyumba. Sharbat alilijua hilo, lakini ubishi wake haukuanza leo.

"Wale wa ng'ambo watachuma, sisi tutabaki kulamba vidole," alisema, akatoka kwenda kutawadha.

Hapo hapo Torpekai akaifukia kulabu ndani ya pipa la unga.

Sharbat alirudi, akaitafuta, akafoka, akapekua hata zizi la mbuzi. Binamu yake Nazmir, karani wa wilaya, akaingia.

"Umepoteza nini, kaka?"

"Akili," Torpekai alijibu.

Nazmir hakucheka. "Kaka, askari wa wilaya ni wanane kwa mlima wote huu. Kinachotulinda ni lile jiwe."

"Na njugu zikiliwa na kunguru?"

"Nenda jirga leo. Omba watu watano wa kila kijiji wachume pamoja, njugu zifungiwe msikitini. Hukumu ikitoka iandikwe, pande zote zitie dole gumba, nakala ibaki wilayani. Mara ya mwisho tuliamua kwa mdomo tu, ndiyo maana tunagombana tena."

Sharbat alinung'unika, lakini alikwenda. Siku nne Torpekai alioka mkate na kumtumia mumewe huko kwenye jirga. Kila kuni ilipopasuliwa, alidhani ni risasi.

Siku ya tano Sharbat alirudi na gunia begani, dole gumba limejaa wino.

"Kijito cha mteremkoni ndicho mpaka. Imeandikwa! Hizi njugu ni fungu letu, na kesho tunachuma upande wetu. Ningeipata tu ile kulabu..."

Torpekai akazamisha mkono ndani ya pipa, akaitoa, nyeupe pe.

Sharbat aliipangusa unga. "Siku zote hizi tumekula mkate wa pipa hili?"

"Ndiyo," alisema. "Na tumeula chini ya paa letu."