Bustani ya Pweza wa Kunduchi

Kila Jumatano, mwaka ule wa 1971, wanafunzi wa darasa la sita walipalilia mihogo ya shule, wakanawa miguu bombani, kisha wakaingia darasani kufanya mazoezi ya kwaya. Sikukuu ya Sabasaba, ambapo wangeimba, ilikuwa inakaribia. Wimbo wao aliutunga Mwanaheri, binti wa miaka kumi na miwili, mzaliwa wa pale pale Kunduchi.

*Pweza kalima bustani,*
*chini ya maji ya chumvi,*
*kapanda kome na chaza,*
*hana jembe, hana vumbi.*

"Uongo mtupu!" Rosalia akadakia. Baba yake, mchonga vinyago, alikuwa amehamia na familia yake kutoka Masasi mwaka uliopita. "Pweza alime bustani? Usitufanye watoto, Mwanaheri!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwanaheri alisikia damu ikimchemka. Mwongo, yeye? Yeye aliyelelewa na Shangazi Hija, mvuvi wa pweza hodari kuliko wanawake wote wa pwani ile?

"Nyamazeni!" Mwalimu Genoveva akapiga meza. "Mwanaheri, tuletee ushahidi. Usipoleta, tutatafuta wimbo mwingine."

Jumamosi maji yalipokupwa, Mwanaheri alichukua mtaimbo akaenda kwenye mwamba, hadi kwenye shimo ambamo shangazi yake alizoea kuvua pweza. Nyumba ile ilikuwa nzuri hivi kwamba pweza mmoja akivuliwa, haukupita muda, mwingine akahamia. Shangazi alikuwa akimtoa pweza kwa kijiti chembamba, taratibu, na jiwe hakuligusa kamwe. Lakini siku hiyo Mwanaheri hakuwa na subira hata chembe. Alitaka kumbwaga pweza wa humo juu ya dawati la Rosalia.

Pweza akajivuta ndani. "Toka! Toka, mshenzi wee!" Mwanaheri alipiga mtaimbo mpaka jiwe likapasuka. Pweza akatema wino, akaponyoka. Makome na kokoto zilizokuwa zimepangwa mlangoni zikatawanyika zote.

Jioni Shangazi Hija alirudi na kapu tupu, uso umemwiva kwa hasira.

"Nani kanivunjia nyumba ya pweza? Hayawani gani huyo?"

"Rosalia," Mwanaheri akasema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Shangazi hakungoja zaidi. Alijifunga khanga kiunoni, akamkokota Mwanaheri mpaka kwa kina Rosalia.

"Hodi! Bwana Albano, binti yako kanivunjia jiwe lililonilisha miaka kumi na mitano!"

Bwana Albano akaweka patasi chini. "Rosalia! Ulikwenda baharini?"

"Sikwenda, baba. Mie maji yenyewe nayaogopa!"

"Unabishana na watu wazima? Kwaya basi, kuanzia leo. Piga magoti!" Akachukua fimbo, akaiinua.

Rosalia akapiga magoti. Hakulia. Alimkazia macho Mwanaheri, na Mwanaheri akaitambua hasira ile. Ilikuwa ile ile aliyoibeba mwenyewe tangu Jumatano.

"Baba Rosalia, usimpige!" akapaza sauti. "Ni mie! Mie ndiye niliyevunja!"

Fimbo ikabaki hewani.

"Lo!" Shangazi Hija akashika kichwa. "Lo, Mwanaheri! Umenifanya nimsingizie mtoto wa watu bure?" Akamsukuma mbele. "Muombe radhi. Anza na yeye, halafu baba yake."

Mwanaheri akaomba radhi huku machozi yakimtiririka. "Nimesikia," Rosalia akajibu kwa mkato, akaingia ndani.

Bamvua iliyofuata, maji yalipokupwa mbali kabisa, shangazi aliwachukua wasichana wote wawili. Rosalia alitembea majini akiwa ameng'ang'ania khanga ya shangazi. Walifika kwenye jiwe jingine, mwani wa kijani umelizunguka. Kwenye mlango wa shimo kulikuwa na makome, magamba ya kaa, na kokoto zimejipanga.

"Akishakula, magamba huyatupa nje," shangazi alieleza. "Kokoto huzikusanya ajizibie mlango. Nikiziona najua mwenyewe yumo. Hiyo ndiyo bustani yake."

"Kumbe ni kweli!" Rosalia akachuchumaa.

Mwanaheri akaanza kutabasamu.

"Wewe usitabasamu," shangazi akamkata. "Wimbo wako ulikuwa wa kweli tangu mwanzo. Mwongo ulikuwa wewe. Ungeniambia tu, ningewaleta hapa darasa zima, na jiwe langu lingekuwa zima. Hasira ikikushika, shika na ulimi wako."

Kisha akampa Rosalia kijiti. Mwanaheri akabeba kapu, akawafuata nyuma.